Loyi na Mkutano Usio na Viti

Loyi Musimenta hapendi viti. Ukifika asubuhi kwenye zahanati yetu ndogo ya Bwera utamkuta amesimama mlangoni, kasha la chanjo begani, na mkutano unaanza akiwa vile vile. Bega likianza kuuma, anasema, maneno yametosha. Wageni hucheka. Mimi sicheki, kwa sababu nilikuwepo enzi za viti, na kimoja nilikikalia mimi.

Mkubwa wetu wakati huo alikuwa Byaruhanga, tabibu mstaafu wa jeshi, tuliyemwita afande. Mkutano wa saa moja asubuhi ulikuwa wa kugawana kazi tu: nani anakwenda wapi, amebeba nini, amekwama wapi. Dakika kumi zingetosha. Lakini afande alitaka itifaki. Kwanza sala. Kisha kujitambulisha, watu sita tunaojuana hadi saizi za viatu, kila siku ya Mungu. Kisha kumbukumbu za jana, nilizoziandika mimi na kuzisoma mimi, huku Ssali wa maabara akinisahihisha. Kisha mlango wa choo uliovunjika, jambo la fundi mmoja, likatukalisha sote wiki mbili. Hasira bado ninayo na sioni kwa nini niifiche.

Kila Jumatano Loyi alikuwa na zamu ya kuchanja watoto Kyarumba. Kina mama waliteremka milimani na watoto mgongoni, wakakaa kwenye baraza la kanisa tangu saa moja. Ikifika saa nne walipanda tena, maana maharage hayajipalilii. Loyi alifika akakuta nusu wameondoka. Mmoja wao alikuwa Kaswera, aliyemleta Naswiba, binti yake wa miezi tisa, kwa chanjo ya surua. Jumatano ya kwanza alingoja, akarudi bure.

Jumatano ya pili Loyi alisimama katikati ya habari za mlango.

"Afande, barafu iko nayeyuka, na bamama beko nangojea."

"Sister, kaa chini. Mukutano haiyafungwa."

Akakaa. Hilo hajajisamehe mpaka leo. Na sisi wengine tulitazama sakafu kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale. Tulifunga saa nne kasoro robo, kwa sala ya kumwombea safari njema. Loyi alipofika Kyarumba, Kaswera alikuwa ameshaondoka.

Jumatano ya tatu alimkuta. Safari hii Kaswera hakuja kwa chanjo. Naswiba alikuwa na vipele mwili mzima, homa inawaka, macho yameziba kwa usaha. Loyi alimpakia mama na mtoto kwenye boda wakashuka hospitali. Mtoto alipona, ila jicho la kushoto likaingia weupe na halioni.

Kesho yake Loyi alitangulia kufika. Alibeba viti vyote sita akavipanga uani, kwenye manyunyu. Afande akaingia, akatazama huku na huku.

"Viti iko wapi?"

"Iko inje, afande. Leo tunasimama. Mimi naenda Bwesumbu, nimebeba dozi makumi tatu, na nimekwama kwako."

Mkutano ule ulichukua dakika nane, na hakuna jambo la maana lililosahaulika. Jioni afande aliniagiza niandike barua ya onyo kwa Loyi. Niliiandika, tena kwa mwandiko mzuri. Afande ameshastaafu tena, safari hii moja kwa moja. Viti wanavikalia wajawazito kwenye foleni, mahali vilipostahili kuwa tangu mwanzo.

Siku hizi nafuatana na Loyi kuandika kadi. Jumatano iliyopita tulifika Kyarumba saa mbili kasoro. Kaswera alikuwa wa kwanza kwenye baraza, na mtoto mchanga mwingine mgongoni. Naswiba alikuwa kando yake, akigeuza kichwa chote ili atuone.

"Leo mumekuya mapema," Kaswera alisema, kwa upole tu, kama anayetushukuru.

Loyi alimchanja mtoto, akanipa kadi niiandike, akaita anayefuata. Njiani kurudi nilikuwa na hasira mpaka Bwera, na kwa kuwa afande hayupo tena, ilibidi nimkasirikie yule aliyekuwa akisoma kumbukumbu za jana.