Bawabu wa Tumbo la Polidoros

Polidoros ni mume wa marehemu dada yangu. Alifagia chuo cha udaktari kule Athene mpaka wakamstaafisha, akarudi kijijini na kitu kimoja tu: majina ya matumbo.

Kila mkesha wa Pasaka sisi wanawake tunaosha matumbo ya kondoo pale chemchemi, ya supu ya kufungulia Kwaresima. Vidole vimekufa ganzi, siki na limau vinachoma, naye katusimamia na fimbo yake.

"Huo wa mwanzo ni Vidole Kumi na Viwili. Wazee wetu waliupima kwa upana wa vidole. Unaofuata ni Mfungaji, yaani mwenye saumu, kwa sababu kila wakipasua maiti waliukuta mtupu."

"Shemeji, shika ndoo basi."

Ndoo haishiki.

Mwaka huu alikuja akakaa juu ya jiwe, kimya. Jirani yangu Evanthia akashukuru Mungu. Mimi nikapandwa na hasira. Mshipi wake ulikuwa na matundu mapya, na asubuhi ile nyuma ya nyumba yake nilikuta maharage niliyompelekea jana yake, kayatapika mazima. Nikimwambia hospitali, ananijibu tumbo limechoshwa na mfungo. Mfungo gani wa kutapika?

Nikainua tumbo la kondoo, nikashika pale linapomwagia chakula kwenye utumbo. "Evanthia, huyu ndiye Kipofu."

"Siye," akasema Polidoros.

"Ndiye. Dada aliniambia."

"Dada yako alikuwa hasikilizi! Kipofu ni ule mfuko wa chini, usio na pa kutokea. Hapo ni Bawabu. Kaitwa hivyo kwa sababu analinda mlango. Akifungua, chakula kinapita. Akifunga..."

"Akifunga?"

"Kinarudi."

"Wako yuko wapi? Nionyeshe."

Akaweka kiganja chini ya mbavu. Hakukiondoa.

"Tangu lini?"

"Tangu Kwaresima ianze."

"Yaani unamjua kwa jina, unajua kafunga mlango, nawe umekaa unamtazama! Pumbavu mkubwa wee."

"Naogopa kisu, shemeji. Nimefagia vyumba vile. Hakuna niliyemwona akiinuka mezani."

"Wale walikuwa maiti, kichwa maji! Wewe unapumua, tena unanipumulia mimi."

Evanthia akacheka mpaka akaangusha utumbo majini, kisha akakimbia kumwita mkwe wake mwenye gari. Tukamsukumia ndani Polidoros na viatu vyake vya tope. Kabla gari halijaondoka akatoa kichwa dirishani.

"Shemeji, huo Mfungaji hujaugeuza vizuri."

Nikamrushia limau.

Hospitali wamempasua, wamemfungulia njia nyingine ya chakula. Nilikwenda kumwona, nikamkuta anamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba utumbo wa mwisho unaitwa Mnyoofu ilhali wa binadamu umepinda, kwa kuwa wazee waliuona kwa wanyama. Maskini yule alikuwa amejifunika shuka mpaka kichwani.

Watu wananiambia nimsamehe, ni mgonjwa. Kwaresima nzima nimemlowekea maharage, nimemtolea mawe, nimemkaangia vitunguu. Naye alikuwa anayatapika nyuma ya nyumba. Simsamehi.