Simu Iliyobaki Mkwiro

Simu ile ilinijua jina kabla sijaigusa. Binti yangu aliitoa kwenye boksi pale Ukunda, nyuma ya duka la nguo anakofanya kazi, akabonyeza ubavuni, kioo kikawaka, na juu yake yakatokea majina yangu matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Nikamuuliza nani ameyaandika. Akasema ni yeye, jana yake, alipokuwa akiiandaa. Nikasema sawa, lakini mimi na kile kitu tulikuwa tumeshaanza vibaya. Mgeni akinitaja jina kabla hatujasalimiana, humwangalia mikono kwanza.

Yule ni mwanangu wa pekee. Ana jina la mamangu, kwa hiyo namwita mama tangu alipokuwa wa kubebwa.

Mimi ni fundi wa kuezeka makuti. Kazi hiyo haina mahali. Leo ni paa la mgahawa ufukweni Diani, kesho nyumba ya mtu Msambweni, mwezi ujao banda la Jego kule karibu na mpaka. Na kusema kweli, hata isingekuwa kazi ningekwenda. Nikikaa mahali wiki tatu naanza kukumbuka mahali pengine: kisima chenye maji ya chumvichumvi, kibaraza nilicholala mwaka fulani, mama aliyekuwa akinipikia mbaazi. Nikifika huko, nakumbuka nilikotoka. Mama wa binti yangu alinichoka mapema, akarudi kwao Msambweni na mtoto. Simlaumu.

Miaka yote hiyo nilikuwa na simu ya vitufe, ile yenye tochi, na mara nyingi ilikuwa imezimwa. Mamangu alipofariki nilikuwa Jego. Walinitafuta siku mbili. Nilipofika, kaburi lilikuwa limeshamwagiwa maji na udongo umeanza kukauka. Binti yangu alikuwa kidato cha pili wakati ule. Alinipa maji ya kunywa, basi.

Sasa alikuwa ameposwa. Kijana anafanya kazi Uarabuni, na nikaha ingefungwa akija likizo, siku ambayo ilikuwa bado haijajulikana. Kwetu baba akiwa hai, ndiye anayemwozesha binti. Haulizwi mjomba wala jirani.

"Sitaki siku ile shehe aulize baba yuko wapi, watu watazamane," aliniambia, huku akiitia simu kwenye mfuko wangu wa shati. "Simu ni ya hilo tu. Ukiwa nayo nitakupata."

Nitakupata. Niliondoka nalo neno hilo mpaka Diani, na halikunikaa vizuri.

Simu yenyewe haikunipenda pia. Ilitaka kidole ili ifunguke. Vidole vyangu vimepigwa msasa na makuti na kamba za usumba wa nazi kwa zaidi ya miaka ishirini, alama zimefutika. Nikaweka kidole gumba, ikasema hainitambui. Nikaweka cha shahada, hainitambui. Nikaijaribia vyote kumi, na mwisho ikanifungia nje kama mwizi, ikaniambia nisubiri. Ikabidi nitumie nambari aliyoiweka binti yangu.

Kisha yakaja maombi. Kila nilichofungua kiliomba ruhusa. Niruhusu nisome majina ya watu wako? Niruhusu nisikilize? Niruhusu nijue ulipo? Nilikataa vyote. Nilikataa mpaka kamera, halafu nikabaki kushangaa kwa nini picha hazipigiki. Nikibadilisha nguo, naigeuza kifudifudi.

Siku moja nilikula viazi vya karai kwa mama mmoja kando ya barabara. Sijamaliza kunawa mikono, simu ikatetemeka. Iliniuliza nilionaje huduma ya mahali pale, na ikapataja jina, na jina lilikuwa sahihi. Niligeuka nyuma nikaangalia. Hakukuwa na mtu ila yule mama na paka wake.

Wakati huo nilikuwa nikiezeka nyumba moja ya wageni Diani pamoja na seremala ambaye wazazi wake walitoka bara wakapewa shamba kwenye makazi ya serikali. Tumefanya kazi pamoja miaka mingi. Tulipokaa kunywa chai aliniona nimeiweka simu juu ya tofali, nimeiacha mbali kidogo na mguu wangu.

"Mzee, mbona unaiangalia hivyo? Imekuibia?"

"Inanifuata."

"Hebu lete." Akapangusa huku, akapangusa kule, akaanza kucheka. "Si simu inayokufuata. Ni msichana wako. Ona."

Akanionyesha ramani. Palikuwa na kidoti cha buluu juu ya nyumba ileile tuliyokuwa tukiiezeka, na chini yake picha ndogo ya binti yangu, amevaa mtandio wa kijani. Maandishi yalisema anaona mahali nilipo, muda wote, mpaka mimi nitakapozima.

"Anaona hata chaji yako," seremala akasema. "Thelathini na moja. Umefungwa kengele kama mbuzi wa Kinango."

"Nani kamruhusu?"

"Wewe. Simu si ni yako?"

"Izime."

"Nikiizima ataona imezimwa. Utamwambia nini?"

Nikaichukua simu, nikaigeuza kifudifudi juu ya tofali.

"Basi iache hivyohivyo," akasema. "Siku ukitaka kwenda zako, iweke mahali, wewe uende. Mimi mke wangu huona niko kanisani kila Jumatano jioni. Na simu iko kanisani kweli, kwa mpiga kinanda."

"Na wewe?"

"Mimi huwa mahali pazuri tu. Kunywa chai."

Ningempigia simu binti yangu siku ileile, nadhani yote yangeishia hapo. Sikumpigia. Badala yake nikaanza kumpekua kichwani. Nikakumbuka kwamba tangu anipe simu hajawahi kuniuliza niko wapi. Huniuliza kama nimekula, kama kifua kimepoa. Nilikuwa nikiuona ni upole. Sasa nikasema moyoni, haniulizi kwa sababu anajua nilipo. Akipiga, napokea kwa sauti ya mtu anayejificha. Akikaa siku mbili bila kupiga, najua ananitazama.

Mwezi uliofuata nilipata kazi Mkwiro, kule mwisho wa kisiwa cha Wasini, kuezeka banda la wageni. Nililala kwa mjane mmoja aliyenipangisha chumba cha uani, chenye umeme wa jua na rafu moja ukutani. Kazi ilipoisha nikapata salamu kutoka Jego. Mtu niliyemwezekea ghala miaka mingi nyuma alitaka nimfanyie upya. Nilipoisikia Jego nikaikumbuka yote, mashamba ya mpunga, njia ya mchanga, ukimya wake. Nikakumbuka pia kwamba huko ndiko walikonitafuta siku mbili. Hilo sikutaka kulifikiri.

Niliiweka simu kwenye rafu, nikaichomeka kwenye chaji.

"Mama, naomba unitunzie hii. Usiizime, usiichomoe."

"Na ikilia?" mjane akauliza.

"Iache ilie."

Akaniangalia kidogo. "Haya. Yako hayo."

Nikaenda Jego mfuko mtupu. Siku mbili za kwanza nilikuwa kama kijana. Niliezeka, nilioga kisimani, niliketi na watu bila kitu chochote kutetemeka pajani. Siku ya tatu nilijikuta napapasa mfuko. Niliangalia jua nikajiuliza kama amepiga, na kama amepiga, alitaka nini. Usiku ule nilisema labda ni mazoea tu, kama mtu aliyeacha sigara. Asubuhi ya nne ilikuwa Ijumaa. Niliacha upande mmoja wa ghala haujafungwa vizuri, nikapanda pikipiki alfajiri mpaka Shimoni, nikavuka kwa boti.

Nilifika Mkwiro saa nne na nusu. Mjane alikuwa kibarazani akichambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuniambia karibu. "Simu yako imelia mpaka nikaifunika kwa mto."

"Ungepokea tu, mama."

"Mimi sipokei simu ya mtu. Na wewe ulisema iache ilie, nikaiacha."

"Alikuwa nani?"

"Amekuja mwenyewe. Jana."

Alinieleza bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. Binti alishuka kwenye boti viatu mkononi, dira limelowa mpaka magotini. Alisimama mlangoni akauliza kama baba yake ni mgonjwa, au kama kuna jambo watu wanaogopa kumwambia. Kwenye ramani yake nilikuwa sijasogea hatua moja kwa siku tatu, na chaji ilikuwa mia. "Baba hajawahi kufika mia," alimwambia mjane. "Nikajua kuna mtu anamuuguza."

"Nikamwonyesha rafuni," mjane akasema. "Nilidhani atalia. Alicheka, lakini kwa pua. Halafu akaichukua simu akaibonyeza kidogo, akairudisha palepale. Nikamwekea wali, hakula."

"Aliacha maneno?"

"Alisema yule kijana ameitwa kazini kabla ya siku zake. Nikaha ni Ijumaa baada ya swala, Msambweni. Akasema, akija, umwambie." Hapo akaniangalia. "Ijumaa ndiyo leo."

Niliingia chumbani. Nilipoifungua simu nikakuta amenipigia mara ishirini na saba. Nikafungua ramani kama seremala alivyonionyesha. Kidoti cha buluu kilikuwepo. Picha yake haikuwepo. Pale palipokuwa na mtandio wa kijani paliandikwa kwamba hakuna mtu anayeona mahali nilipo.

Hicho ndicho nilichokuwa nikikitaka. Nilisimama nacho mkononi.

Boti zilikuwa zimefungwa, wenyewe wakijitayarisha kwenda msikitini. Nilimwomba mmoja aliyekuwa na pweza wa kupeleka Shimoni, alinung'unika, akanipakia. Baharini nilimpigia binti yangu, hakupokea. Nikampigia tena Shimoni, simu ikawa imezimwa. Nikiwa nyuma ya bodaboda kuelekea barabara kuu nilijaribu kumrudisha kwenye ile ramani, ili popote alipo akifungua simu anione nasogea, Kanana, Ramisi, nakuja. Nilibonyeza kila mahali. Simu ikajifunga, ikataka kidole, nikakiweka. Haikunitambua.

Msambweni nilifika watu wamekwishaswali. Ndani ya msikiti walikuwa wameketi duara, bwana harusi katikati na kanzu mpya, na shemeji yangu wa zamani, kaka wa mama wa binti, ameketi karibu na shehe na kofia yake nzuri, tayari. Nilikuwa bado nanawa miguu nilipomsikia shehe akiuliza.

"Baba wa binti yupo?"

Nikawaona wanatazamana. Ilikuwa vilevile kama alivyosema. Mmoja akamwangalia mwenzake, mwenzake akaangalia mkeka.

"Nipo," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, mtoto wa mtu akashtuka.

Walinipisha. Nilikuwa na mchanga wa Jego kwenye shati na kipande cha ukuti nyuma ya sikio, nilikuja kukitoa baadaye. Shemeji alinitazama kwa muda, akasogea. Niliushika mkono wa kijana, laini, umelowa jasho, nikayasema maneno ya kumwozesha kama shehe alivyonitangulia. Yeye akasema amekubali. Nilipotoka nje simu ikatetemeka, ikaniuliza nilipaonaje mahali pale. Sikuijibu.

Nyumbani kwao wanawake walikuwa wamejaa. Waliniruhusu nisimame mlangoni mwa chumba. Hina ilikuwa imemkolea mpaka viwikoni. Aliniangalia kama mtu anayesoma karatasi aliyoletewa atie sahihi.

"Umefika," akasema.

"Nimefika, mama."

"Watu wametazamana?"

"Wametazamana kidogo."

Hakutabasamu. Nikatoa simu. "Irudishe ile ramani."

"Irudishe mwenyewe. Mimi sikufungi tena kamba."

"Uliniwekea bila kuniambia."

"Ningekuambia ungekubali?"

Nilifikiri kumwambia ndiyo. "La," nikasema.

"Basi," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini ili shangazi zake wasisikie: "Nilivuka bahari nikijua nakuja kukuzika."

Ilinichukua zaidi ya wiki. Seremala nilimwomba anifanyie, akakataa, akasema haya ni mambo ya wewe na msichana wako. Kwa hiyo nilikaa na miwani ya kununua barabarani, nikasoma neno kwa neno kila kilichoandikwa, nikirudi nyuma, nikianza upya. Nilipofika mwisho ikaniuliza kama namruhusu aone nilipo muda wote. Bado sikuipenda namna inavyouliza. Nikaruhusu.

Sikujua kwamba hatasadiki. Mimi nilidhani nikishaonekana basi. Juzi nilikuwa Kinango juu ya paa la madrasa, na ujumbe ukaingia.

"Simu iko Kinango. Wewe uko wapi?"

"Niko nayo," nikaandika. Ilinichukua muda, herufi ni ndogo.

"Piga picha."

Nikaishika kwa mkono mmoja, mwingine umeshika boriti, nikapiga, nikatuma.

"Hicho ni kidole," akajibu. "Nataka uso."

Nikateremka ngazi, nikasimama mahali penye mwanga, nikapiga tena.