Jina Nililompigia Kelele

Ndugu zangu, mimi mtu wa bara ndiye niliyejifanya daktari wa masikio hapa shuleni Ziwani, pwani.

Baada ya likizo, mwanafunzi wangu Mchopa alirudi darasani kimya. Nikimwita haitiki, anainamisha kichwa tu. Nikasema huyu kawa kiziwi. Nikamhamishia dawati la mbele, nikawa namwinamia sikioni na kulipaza jina lake kama dalali wa samaki. Wenzake wakacheka, nami nikadhani wanacheka sauti yangu. Mtoto akaacha kucheza, akaacha hata kula mhogo wake wakati wa mapumziko.

Jana nikamwita mama yake. Tukasimama watatu mlangoni mwa darasa, mimi, yeye na mtoto, nikamshauri, kwa majivuno yangu yote, ampeleke mtoto hospitali.

Mama akanitazama. "Mwalimu, mwanangu katoka jandoni. Mchopa ni jina la utoto, tumeliacha huko huko. Ukimwita hivyo unamtukana. Sasa ni Saidi."

Nikamgeukia mtoto. Nikaita kwa sauti ndogo, karibu ya kunong'ona: "Saidi."

"Naam, mwalimu," akaitika, machozi yakimtoka. "Siku zote nilikuwa nakusikia."