Vuli ya Chemchem

Sisi tuliokulia Tabora wakati Mwingereza bado anatawala hatukuwa na majira manne ya vitabuni. Tulikuwa na masika na kiangazi, basi. Mvua ikinyesha tulilima. Ikikatika tulivuna, tukacheza rede na kombolela vumbini mpaka visigino vikapasuka, tukatafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mpaka taya zikauma. Watoto wa siku hizi wanajua hata saa ambayo mvua itanyesha kesho, wanaiona kwenye simu, na bado wanalowa.

Ila palikuwa na wiki chache mwishoni mwa kiangazi ambazo hatukuwa na jina la kuziita. Ardhi imeungua kwa moto wa nyika, visima vya mtaa wetu wa Chemchem vinatoa maji ya rangi ya chai, na hakuna hata wingu la kudanganyia watu. Ndipo miombo ilipochipua, na haikuchipua kijani. Miombo aina ya mitundu ilitoa majani ya rangi ya shaba iliyosuguliwa, mingine ya damu ya mzee, mingine ya waridi kama nyayo za mtoto mchanga. Chini unakanyaga majivu, juu msitu mzima mwekundu. Haikuchukua muda majani yakageuka kijani, na ambaye hakupita huko hakujua kwamba kulitokea kitu.

Mwaka mmoja Mama alitutembeza huko kila Jumapili baada ya ibada, mimi na mdogo wangu Maganga, na Bibi mzaa baba akifuata nyuma na fimbo yake. Tulishika njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi wakielekea Ujiji, tukaziacha nyumba za Chemchem nyuma yetu. Majirani walidhani tunakwenda kuokota kuni, wakashangaa kutuona tunarudi mikono mitupu. Kumbe sisi tulikwenda kuangalia kama Mama bado ana mume.

Baba alikuwa amekwenda manamba, kukata mkonge huko Tanga. Mwaka wa kwanza salamu zilifika, mwaka wa pili kimya. Kaka yake Mama, Mjomba Mihambo, akaja kwa baiskeli kutoka Lusu, akakaa kwenye kigoda, akanywa maji, akasema amekuja kumchukua dada yake. Huko kwao kulikuwa na mtu aliyefiwa na mkewe, mwenye ng'ombe wa kutosha, alikuwa anamuulizia. Mimi na Maganga tungebaki kwa Bibi, maana kwa mila yetu mahari ikishatolewa watoto ni wa upande wa baba. Mjomba hakuwa mtu mbaya, na safari ile alituletea karanga. Alisema tu kwamba mwanamke si mtama, humweki ghalani ukaenda zako.

Wiki hiyohiyo jirani yetu, mfanyakazi wa reli, akarudi kutoka kazini na ujumbe aliopewa na mtu njiani, Morogoro. Ulikuwa mfupi: Baba anasema atarudi vuli.

Sasa vuli ni kitu gani? Mjomba hakujua, Bibi hakujua, na jirani alisema yeye amelibeba neno kama alivyopewa, hakulifungua. Mjini walikuwepo wazee wenye asili ya pwani ambao wangetufumbulia mara moja, lakini sisi watu wa misheni mambo magumu tuliyapeleka kwa mwalimu. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Sikonge, bahari aliijua kwa ramani. Akafungua kitabu cha Kiingereza chenye picha ya njia na miti myekundu pande zote mbili, akaeleza kwamba majira yale Wazungu, wakiandika Kiswahili, huyaita vuli. Ni wakati miti inapokuwa myekundu. Mjomba aliitazama ile picha kwa makini, kisha akatazama nje dirishani, akasema kumbe ni Septemba tu.

Akakubali kungoja. Majani yakiwa mekundu, shemeji yake ana nafasi. Yakiisha kugeuka kijani yote, dada yake anapanda baiskeli. Akatuaga, akarudi Lusu.

Jumapili za mwanzo sisi watoto tulizifurahia. Tulichuma majani mekundu, tukayabandika kwenye paji la uso kwa mate, mimi nikawa bibi harusi na Maganga akawa mzee wa kanisa. Mama hakuwa mkali, lakini siku moja alitugeukia.

"Msiyachume," alisema. "Yaacheni yakae."

Ndipo nilipoanza kuelewa. Kila Jumapili tulilazimika kutembea mbali zaidi kuupata wekundu, maana miti ya karibu ilikuwa imeshaanza kugeuka. Mama alitembea haraka, akiinua uso, akitazama mti mmoja kisha mwingine bila kusimama. Siku za treni ya kutoka pwani honi ikilia aliacha alichokuwa anafanya, akasikiliza, akaendelea. Bibi hakumtetea mwanawe wala hakumlaumu. Mimi niliogopa. Fisi niliwazoea kwa kuwasikia, lakini nyumba isiyo na Mama sikuweza hata kuiwazia.

Mjomba akarudi Oktoba ilipokuwa inakwisha. Akatembea mwenyewe msituni, akarudi, akasema kijani. Hakusema kwa kufurahi. Mama alikuwa ameshafunga kanga zake na sufuria yake, na Mjomba akaifunga ile sufuria nyuma ya baiskeli. Mama akaomba jambo moja, twende matembezi mara ya mwisho, wote pamoja.

Tukaenda. Miombo aliipita bila kuitazama. Alikwenda moja kwa moja mpaka pale njia ya misafara ilipopinda, penye miembe mikubwa ya enzi za wapagazi, akasimama mbele ya mwembe mmoja. Tawi lake la upande wa jua lilikuwa limetoa majani mapya, mekundu, laini, yakining'inia kama nguo zilizoanikwa na maji yake.

"Kaka, haya ni rangi gani?"

"Huo ni mwembe," Mjomba alisema. "Mwembe hauhesabiwi."

"Mwalimu alisema miti. Hakusema miombo."

Mjomba aliuzunguka mwembe ule mzima, akitafuta sijui nini. Aliporudi alimkuta Bibi amekaa chini, amenyoosha miguu. Bibi akamwambia kwamba yeye amechoka, na ataondoka hapo majani yale yakiisha kugeuka. Mjomba akavua kofia, akajikuna kichwa, mwisho akacheka.

"Kalunde," aliniambia, "mama yako hajapata kushindwa tangu ananyonya."

Akapanda baiskeli yake kurudi Lusu, na sufuria yetu ikiwa imefungwa nyuma. Sijui alisahau au alitaka asirudi mikono mitupu.

Baba alishuka kwenye treni na mvua ya kwanza, amelowa chapachapa, sanduku la bati kichwani. Mama alimwuliza alikuwa wapi siku zote zile. Baba akashangaa kweli.

"Si nilisema vuli?" akaonyesha mvua. "Na hii ni nini?"

Kumbe kule pwani vuli ni mvua ndogo za mwisho wa mwaka. Bibi akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi. Mama akampokea Baba sanduku.

"Huku hakuna vuli," alisema. "Kesho nenda Lusu ukanichukulie sufuria yangu."

Siku hizi penye miombo ile pana nyumba na mabati. Miti mingi ilikwenda kukausha tumbaku huko Urambo, mingine ikawa mkaa, na huo mkaa hata mimi nimeupikia. Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu picha za Ulaya, watu wamevaa makoti katikati ya majani mekundu, akasema anatamani siku moja aende akaone vuli. Nikamwambia avae viatu. Tukaenda mpaka kwenye kona ya miembe, na tawi la upande wa jua lilikuwa limetoa majani mekundu nje ya wakati wake, kama kawaida yake. Akalipiga picha mbili, akaniuliza lina nini hasa.

Nikamweleza habari za mama yangu. Baba alipokwisha kufariki, bado Mama alikuja huku kila mwisho wa kiangazi, mpaka akawa anatembea kwa fimbo ya Bibi. Mwaka mmoja nilimwuliza anamngoja nani tena. Akasema hamngoji mtu.

"Ule mwaka niliyaangalia majani mekundu kila Jumapili," alisema, "lakini sikuyaona."