Miwani, na Maneno Ambayo Sikuyasema

Mume wangu ni mwalimu mstaafu. Jumapili baada ya ibada wenzake wawili walikuwa wakija kunywa chai barazani kwetu na kubishana, na mada waliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: ni uvumbuzi gani uliobadilisha dunia zaidi. Mmoja alikuwa mtu wa gurudumu. Alisema bila gurudumu hata sambaza ninazouza sokoni, dagaa wa ziwa letu, zingeozea ufukweni. Mwingine alishikilia umeme. Mume wangu alikuwa mtu wa maandishi. "Mtu anasema akiwa hapa, anasikiwa mahali ambapo hayupo," alikuwa akisema, kidole juu, kama bado yuko darasani. Siku moja waliniuliza kwa utani, shemeji unasemaje? Nikasema sufuria. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai.

Leo wakiniuliza nitawajibu mengine. Nitasema miwani ya kusomea, ile ya plastiki, ya bei ndogo, inayouzwa kwenye kituo cha afya. Na sitasema hivyo kwa furaha.

Mimi ni mzaliwa wa Goma, mtaa wa Birere uliobanana na mpaka. Niliolewa upande huu wa Gisenyi na mtu aliyerudi kutoka Tanzania na Kiswahili chake kilichonyooka kama sare iliyopigwa pasi. Kiswahili hiki ninachoandikia nimekipata kwake. Miaka yote ya ndoa amenisahihisha: si mutu, ni mtu, si iko, ni yupo, si kukuya, ni kuja, si yaya, ni dada. Sikuchukia. Nilijiona nimeolewa na nimepelekwa shule kwa mahari moja.

Nilipokaribia miaka hamsini herufi zilianza kunikimbia. Vya mbali niliviona vyote. Kutoka nyuma ya nyumba yetu, ambayo iko kwenye mwinuko, ningeweza kukuonyesha bati jekundu la nyumba ya mdogo wangu kule Birere. Lakini ujumbe wake, ulio mkononi mwangu mwenyewe, ulikuwa ukungu mtupu. Niliona aibu kusema. Muuza sambaza hahitaji kusoma, samaki hawana herufi. Kwa hiyo simu ikilia nilimpa mume wangu, nikijifanya mikono yangu ina maji. Nisomee, nilimwambia, akanisomea. Mjibu hivi, nikamwambia, akajibu. Baada ya muda hakuuliza tena kuhusu maji. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tukiandikiana tu, kwa sababu kupiga simu ng'ambo ya mpaka ni bei ya nchi ya kigeni, hata kama unaliona bati la mtu unayempigia.

Kisha mlima ukatema moto. Wiki hiyo ardhi ilitetemeka mpaka ukuta wa sebule yetu ukapata nyufa, na asubuhi moja wakubwa wa Goma wakawaamuru watu waondoke mjini. Wengi walivuka mpaka kwa miguu, magodoro kichwani, kuku kwapani. Nilitandika mikeka sebuleni. Nilibandika sufuria kubwa ya ugali, ile ya misibani. Simu ikalia.

"Mdogo wangu anasemaje?" nikauliza.

Mume wangu alisoma kimya, akabonyeza bonyeza, akairudisha simu mezani. "Wamekwenda Sake na majirani zao. Wako salama. Anakusalimu."

Nilimshukuru Mungu, halafu nikakasirika. Sake! Mimi, tumbo moja, niko hapa mwendo wa nusu saa kwa miguu, yeye anafuata majirani hadi Sake, safari ya siku nzima. Ugali ule niliwagawia wapita njia, na kila sahani niliyotoa iliniongezea hasira. Baada ya hapo hakuandika tena. Nilimpigia mara tatu, hakupokea. Nikasema sawa, kichwa kigumu hakurithi peke yake. Ningeweza kuvuka mpaka nikamgongee mlango, maana nilivuka kwa mambo mengine, lakini kiburi hakikuniruhusu. Ikapita zaidi ya miaka mitatu. Binti yake alikomunika kwa mara ya kwanza, nikapata habari kwa wauza nyanya.

Mwaka jana nilikwenda kituo cha afya kupimwa presha. Muuguzi alinipa karatasi nitie sahihi, akaona ninavyoipeleka mbali na uso. Akacheka, akafungua droo, akanivalisha miwani. Nilisoma kijikaratasi cha dawa kwa sauti kuanzia juu mpaka chini, wagonjwa wengine wakinitazama. Niliinunua hapo hapo. Nilipotoka nilikaa kwenye benchi la nje, na kwa sababu nilikuwa na furaha nikafungua simu kumtafuta mdogo wangu. Nilitaka tu kuyaona maneno yake kwa macho yangu.

Alikuwa ameandika kutoka mpakani: "Yaya, tuko ku barrière. Niko na batoto tatu. Tukuye kwako?"

Chini yake palikuwa na jibu langu: "Mpendwa mdogo wangu, pole sana kwa yaliyowapata. Kwa bahati mbaya nyumba yetu imepata nyufa na hatuna nafasi. Tafadhali tafuteni mahali pengine. Mungu awalinde. Dada yako."

Na mwisho neno lake moja la Kifaransa, la kusema sawa: "Bon."

Nilisoma mara tatu. Kila nukta ilikuwa mahali pake. Ujumbe haukufutwa, na hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Kwa nini aufute, wakati alijua siuoni? Akufukuzaye hakwambii toka, wanasema. Wangu alisema, tena kwa tafadhali, tena kwa mdomo wangu.

Hakukana. Nilimkuta barazani, nikamwekea simu mapajani, akaiangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nyumba ilikuwa na nyufa," alisema.

"Nyumba yao ilikuwa na mlima."

"Mara ya mwisho walipokimbilia kwetu walikaa miezi minne. Wewe ungeshindwa kusema hapana, mke wangu. Nilisema kwa niaba yako. Na ukisoma vizuri utaona niliandika kwa heshima."

Ni kweli, ningeshindwa kusema hapana. Ndiyo maana halikuwa neno langu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii nimeivaa miaka ishirini na saba, nimeifua, nimeitia viraka, nimejivunia kuonekana nayo mbele za watu. Nilimwambia hivyo. Akaniambia nisipandishe sauti, majirani wanasikia.

Kesho yake nilivuka mpaka pale Petite Barrière pamoja na wanawake wa mboga. Mdogo wangu alikuwa kizingitini mwake anapukusa maharage. Hakusimama. Nilimweleza yote nikiwa wima, na miwani nilimwonyesha, kama mtu anayeonyesha kitambulisho. Aliendelea kupukusa mpaka nikamaliza.

"Nilijua haikukuwa Swahili yako," alisema. "We unaniambia tafazali tangu wakati gani?"

"Kama ulijua, juu ya nini haukukuya ku mulango?" Kiswahili chetu kilinirudia chenyewe.

"Nilisema, bon, bwana yake anaandika, ila yaya iko pembeni anamuambia ya kuandika. Telefone ni ya nani? Ni we ulimupatia."

Halafu akanieleza walikokuwa. Hawakwenda Sake. Walilala siku nne kwenye shule ya msingi iliyo chini ya mwinuko wetu, yeye na watoto watatu, kwenye sakafu ya darasa. Shule ile naiona kutoka nyuma ya nyumba yangu. Siku zile nne niliitazama, uwanja umejaa watu, nikawaonea huruma. Nilitaka kumkasirikia mdogo wangu kwa kuamini kwamba naweza kumfukuza, na nilimkasirikia kweli, hata sasa haijaisha. Lakini hasira hiyo haina miguu. Niligawa sikio langu na mdomo wangu kwa mtu mwingine kwa sababu ya aibu ya macho.

"Kuya kwangu dimanche," nikamwalika kwa Jumapili iliyokuwa ikija. "Na batoto bote."

Alikusanya maganda kwenye kanga, akayamwaga. "Ni bwana yako alinikataza. Aniite yeye. Na jina yake, si na jina yako."

Nilimfikishia mume wangu ujumbe huo neno kwa neno, bila kuunyoosha. Hakubisha. Alikaa mezani na simu yake mwenyewe, akavaa miwani yake. Nilikuwa nachambua sambaza na nilimwona anaandika, anafuta, anaandika, anafuta. Mtu aliyewafundisha watoto wa watu insha na barua za kila aina alimaliza alasiri nzima hivyo. Mwishowe aliisukuma simu upande wangu.

"Andika wewe," alisema. "Sema ni mimi. Mimi nimekubali."

Nilifuta mikono, nikaisukuma simu ikarudi kwake. Jumapili tatu zimepita, na mdogo wangu bado anangoja.