Vitabu vya Kusoma

Zedekiah Were aliwapikia Wazungu wa mtaa wa Spring Valley miaka ishirini na sita, halafu mwaka wa 1957 akaambiwa amezeeka, arudi kwao Bungoma. Na basi la kumrudisha nalo, kana kwamba hayo hayakutosha, lilikubali sanduku moja tu. Vitabu vyake vilijaa mawili, na macho yenyewe yalikuwa yameanza kumchezea.

Alikaa akapima, akaamua. Biblia na nyimbo za kanisani alizijua kwa moyo, azibebe za nini? Angebaki na jiografia, na safari za mabaharia, na kamusi aliyoifuta masizi kila Jumamosi. Hivyo ndivyo angevisoma kibarazani mpaka macho yazime. Asubuhi, akienda mjini kukata tikiti, akamwachia mkewe Naliaka maagizo: "Weka vitabu vya kusoma. Vingine mpe muuza njugu."

Alasiri alirudi kwa miguu, na alipofika Parklands akanunua njugu. Alipokunjua karatasi akaona ramani ya Ziwa Viktoria, na pembeni yake mwandiko wa penseli, wake mwenyewe. Njugu zote zikamwagika. Muuzaji alikuwa ameshavichana vitabu vyote.

Alifika nyumbani amefura. Sandukuni akakuta Biblia mbili, kitabu cha nyimbo na katekisimu. Ndipo akayatoa yote: kwamba mwanamke huyu hasikii, kwamba miaka ya kujinyima nyama ili anunue vitabu imekwenda kufungia watu njugu. Naliaka akamwacha amalize. Kwao, tangu misheni ilipofika, kusoma ni kushika dini, na msomaji ni mtu aliyebatizwa. Vitabu vya kusoma ni vya kanisani, nani asiyejua hilo? Alikuwa ametafuta vyenye msalaba jaladani, akaviweka.

"Kwani majina ya vitabu hukuyaona?" Zedekiah akauliza.

"Baba Nakhumicha," akasema Naliaka, na sasa hasira ilikuwa yake, "mimi naitwa msomaji miaka thelathini, na jina langu likiandikwa silijui. Kila siku unasoma mbele yangu. Ni lini uligeuza kitabu upande wangu?"

Zedekiah alikuwa amemfundisha mtunza bustani kusoma, tena kwa uvumilivu. Na dereva pia akamfundisha. Kumfundisha mkewe hakufikiria hata siku moja.

Akaketi juu ya sanduku.