Habari Zimfikie Docus

Kila mchana, kuanzia Hima mpaka ng'ambo ya mpaka kule Kasindi, Congo, watu huongeza sauti ya redio na kuwanyamazisha watoto. Ni saa ya matangazo ya vifo. Anayeyasoma ni mama mmoja mnene, mpole, anayeitwa Docus, ingawa wasikilizaji hawamjui kwa jina hilo. Hewani yeye ni Mama Salamu. Hafungui kipindi bila kusema "Wasibire," salamu ya mchana ya Kikonzo, kisha hunyamaza kidogo ili kila mtu aitikie huko aliko. Wakubwa wa redio walimkataza, wakasema kimya hewani ni hasara. Wasikilizaji wakapiga simu kumtetea, naye akaachiwa kimya chake.

Docus alizaliwa Rukoki, akalelewa na mama yake, Yudesi, kwa jasho la shamba la pamba. Baba hakumjua. Mama alimwambia kwamba aliitwa Thembo, na kwamba alifia Congo kabla Docus hajaota meno. Basi. Thembo ni jina la mtoto wa kiume wa tano, na milima yote imejaa akina Thembo, hata angetaka kuuliza angeanzia wapi? Kila Jumapili alimwombea pamoja na marehemu wengine. Akakua, akaolewa, akauza vitenge Bwera, na huko sokoni ndiko alikookota Kiswahili kilichompatia kazi redioni.

Siku hiyo matangazo ya Bwera yalichelewa. Yalipandishwa studioni ghorofani wakati wimbo wa kufungua kipindi unaisha, na Nobert, fundi wa mitambo, akampa ishara ya kuanza. Hapakuwa na nafasi ya kuyapitia kwanza. Docus akasalimu, akanyamaza, akasoma la bibi mmoja wa Katwe. Akashika la pili.

"Familia ya Thembo Aloysius wa Kasindi inasikitika kutangaza kifo cha baba yao, kilichotokea jana katika hospitali ya Bwera. Mwili utaondoka hospitalini leo saa tisa kwenda kuzikwa Kasindi. Habari zimfikie mwanawe Caleb aliye Butembo, na binti yake wa kwanza, Docus, aliyezaliwa Rukoki na mama Yudesi, popote alipo."

Sauti ilifika mwisho wa mstari kabla akili haijafika. Akausoma mstari ule tena, watu wote wakisikia. Kisha akanyamaza. Nobert alidhani ni kile kimya chake cha kila siku, mpaka alipomtazama usoni. Akaweka wimbo haraka.

"Dada, vipi? Umeshikwa na nini?"

"Nobert, huyu ni mimi."

"Nani ni wewe?"

"Docus wa Yudesi, wa Rukoki. Na huyu ni baba yangu."

"Si ulisema baba yako alikufa zamani?"

"Amekufa jana," Docus alisema, na maneno yake mwenyewe yakamtisha.

Simu ikalia mkobani. Alikuwa mama yake, ambaye hakosi kipindi.

"Nimekusikia," Yudesi alisema.

"Mama, uliniambia alikufa!"

"Alioa kule Congo. Kwangu akawa amekufa. Ningemwambia nini mtoto mdogo? Baba yako yuko mzima, ila hatutaki? Usisimame hapo unanihukumu. Nenda. Nitakuwepo ukirudi. Yeye saa tisa wanamwondoa."

Docus aliteremka ngazi bila kumuaga mtu, akapanda bodaboda ya kwanza. Njia nzima mwendesha pikipiki, asiyejua amembeba nani, aliongea.

"Mama, umesikia redio leo? Mama Salamu amekwama kama kaseti ya zamani! Wanamlipa asome mara moja, yeye anasoma mara mbili!"

Docus alikuwa anatazama jua, akihofu litamshinda kufika.

Hospitalini Bwera alikuta jeneza limekwisha kupakiwa kwenye pikapu, dereva amewasha injini. Alikimbia akapiga bodi ya gari kwa kiganja.

"Ngojeni! Hawa ni watu wa Thembo wa Kasindi?"

Mwanamke kijana aliyejifunga kitenge kiunoni alikuwa anapanda nyuma. Akageuka, mkono mdomoni.

"Sauti hii... Weye ni Mama Salamu ya ku redio?"

"Mimi ni Docus."

"Docus ya Rukoki?" Yule kijana akashuka, akamzunguka kama mtu anayekagua ng'ombe. "Seigneur, Bwana wangu! Niko Rachelle, mutoto ya Thembo. Mama Salamu na yaya yetu Docus, ule dada mukubwa, beko batu babili ao mumoja?"

"Mmoja."

Rachelle akakaa chini pale pale kwenye vumbi.

"Yaya, papa alikuwa anakusikilizaka kila siku! Ukisema Wasibire, anaitika kwa nguvu, sisi tunamucheka: papa, ile iko redio, haikusikie! Hakujua ni weye, yaya. Hakuna mutu alijua."

Mtu ambaye Docus alimwombea kama marehemu kila Jumapili alikuwa akimwitikia kila mchana.

Walilishusha jeneza, wakafungua. Alikuwa mzee ambaye Docus hakumjua hata kidogo, mwenye paji la uso analoliona yeye kwenye kioo kila asubuhi. Waombolezaji wakasogea, wakanong'onezana kwamba ndiye yule wa redio, wakangoja aseme neno zuri. Dereva alikuwa anatazama saa yake.

Docus akainama.

"Wasibire, tata," akamwambia baba yake.

Kisha akanyamaza kidogo, kama afanyavyo kila siku, kumpa nafasi ya kuitikia.